Milimita Sita

Mteja hakuiweka impela mezani, aliitupa. Mlio wake uliwafanya wachomeleaji wa upande wa pili wainue vinyago vyao kutazama nani kavunja nini. Hakuna kilichovunjika. Ilikuwa pale, nzima, inang'aa: gurudumu la shaba lenye mapanga yaliyojikunja kuelekea katikati, lile linalozunguka ndani ya pampu na kuyasukuma maji. Ungeweza kujitazama meno ndani yake. Nzuri ya kutazama, na haifai kwa lolote.

"Inacheza," mteja alisema. "Inacheza ndani ya pampu kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha baba yake. Maji yanapita pembeni yanarudi yalikotoka. Mimi mazao yananikaukia, nyinyi mnaniletea pambo la sebuleni."

"Haiwezekani," tajiri wa karakana alisema. Tajiri hakuwa fundi. Alikuwa muuza saruji na mabati aliyepiga hesabu zake, akazima tanuri la kuyeyushia chuma alilolikuta pale, akaleta mashine. "Mashine ile haikosei. Ndiyo maana niliinunua."

Basi macho yote yakamgeukia binti aliyeiendesha, maana kama mashine haikosei, amebaki nani?

Binti alikuwa amesimama mlangoni pa mashine yake, mikono nyuma. Ilikuwa chumba cha vioo chenye ukubwa wa kontena dogo, na ndani yake meza inayoinama na kuzunguka kama mcheza ngoma, huku kisu kikishuka juu yake kutoka pembe yoyote anayoitaka mwendeshaji. Kilichonga mashimo yenye kona, mikunjo ndani ya mikunjo, mahali ambapo mkono wa binadamu hauingii wala tupa haifiki. Maji meupe kama maziwa yaliipoza shaba wakati wote. Binti aliisomea mashine hiyo kwa taabu, akafaulu kuwapita wanaume waliokuwa wakimcheka, na mjini pale hapakuwa na nyingine. Wenzake walimwita Rimoti, kwa sababu, walisema, yeye anabonyeza tu.

"Rimoti," tajiri alisema, "umebonyeza nini?"

"Nilichopewa, tajiri."

"Na huwezi kuirudisha ndani ukairekebisha?"

"Ingekuwa kubwa ningeipunguza. Imekuwa ndogo. Ndogo hairudi."

Mchomeleaji mmoja akacheka chinichini. Tajiri hakucheka. Bonge lile la shaba lilimgharimu fedha ambayo hakupenda hata kuitaja mbele ya watu.

"Kesho asubuhi mteja atatuletea ile ya zamani, iliyovunjika," alisema. "Tutazipima zote mbili hapa hapa, mbele yake. Aliyekosea aje na begi lake kabisa, maana hatarudi ndani kulifuata."

Kwenye kona, juu ya kigoda, alikaa baba wa binti. Koti lake la kazi lilikuwa limepigwa pasi, na rula yake ndefu ya chuma ameibana kwapani kama afisa na fimbo yake. Alikuwa fundi wa violezo: kabla ya mashine, hakuna kitu kilichosubiwa pale, hakuna chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, bila yeye kwanza kukichonga kwa mbao. Tanuri lilipozimwa alirudishwa nyumbani. Ni binti aliyemwomba tajiri, akamwomba tena, hata mzee akapewa kazi ya kupima vifaa vibovu na kuandika vipimo vyake, ili binti aviingize kwenye mashine. Wachomeleaji walimwita Babu Mbao.

"Mimi vipimo vyangu nimeviandika," alisema kwa sauti ya mtu asiye na deni. "Milimita mia tatu tisini na nne, ukingo hadi ukingo. Mashine ikila zaidi, muulizeni anayeilisha."

Watu wakacheka. Binti naye akatabasamu, kwa sababu ni baba yake, na kwa sababu hakujua afanye nini na uso wake.

Mzee alipokwenda kunawa mikono, rula ilibaki mezani. Binti akatoa utepe wake wa kupimia, ule ule ambao mzee aliwahi kupewa akaukataa akisema yeye si fundi cherehani, akaulaza kando ya rula. Alama zilianza pamoja. Halafu zikaanza kuachana, kidogo kidogo, kama watu wawili walioongozana na mmoja wao ana haraka. Utepe uliposema mia nne, rula ya baba ilisema mia tatu tisini na nne.

Shaba ikiyeyushwa, halafu ikapoa, husinyaa. Kwa hiyo fundi wa violezo hatumii rula ya watu wote. Ana rula iliyorefushwa makusudi, ili mbao yake iwe kubwa kidogo na shaba ikisinyaa ifike kwenye kipimo cha kweli. Kila chuma kina rula yake. Mwishoni mwa ile ya baba yalichongwa maneno madogo: *kusubia shaba*. Lakini mashine haiyeyushi kitu. Inachonga shaba baridi, na shaba baridi haisinyai. Mzee aliambiwa kazi ni ya shaba, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye rula ya shaba, kama ulivyokwenda maisha yake yote. Akapima kitu cha mia nne akasoma pungufu, akaandika pungufu, na binti akachonga pungufu kwa usahihi usio na dosari.

Angeweza kupima upya siku ile kabla hajawasha. Aliliwaza. Lakini mtu anapima vipi nyuma ya baba yake, huku baba anamtazama?

Nyumbani palikuwa na vyumba viwili na pazia. Mama alikuwa ameandaa, na mzee alikaa kwenye kiti chenye mito, kiti ambacho miezi yote ya kukaa bila kazi alikikwepa akikaa kwenye ndoo barazani. Sasa alikirudia. Alikuwa ameanza tena kuuliza chumvi iko wapi kwa sauti ya mwenye nyumba.

"Leo tajiri kaniuliza mimi kwanza," alimwambia mkewe, jambo ambalo halikutokea. "Anajua. Vijana wanabonyeza, lakini kipimo ni kipimo."

"Mwache mwenzio ale," mama alisema.

"Namkataza? Mwanangu, kula. Kosa la mashine si lako. Waambie tu imekosea."

Binti aliusukuma mkono wake kwenye sahani bila kuchukua kitu. "Baba, siku ile ulipima kwa rula ipi?"

"Ipi vipi? Rula ni rula."

"Ile ndefu?"

"Wewe umewahi kuniona nikipima kwa utepe wa cherehani?"

"Nauliza tu. Maana kazi ya mashine si kama ya kusubu. Haisinyai."

Mzee aliacha kutafuna. Haikuchukua muda, mtu asiyemjua asingeona chochote. Kisha akameza, akanywa maji, akasema chakula cha leo kimezidi mafuta, akainuka. Wakamsikia nyuma ya pazia akifungua sanduku lake la vifaa, na chuma kikigusana na chuma. Alikaa humo kwa kitambo. Alipotoka alikwenda moja kwa moja barazani, hakumtazama mtu.

Mama akakusanya sahani. Alimvuta binti hadi mahali pa kuoshea vyombo, akafungua bomba lipige kelele.

"Ni yeye?"

"Ni rula yake, mama."

"Nimekuuliza ni yeye?"

"Ni yeye."

Mama akasugua sahani moja iliyokwisha takata. "Umeshamwambia tajiri?"

"Bado. Nataka aseme mwenyewe. Akisema mwenyewe, mimi nitamwombea. Nitasema na mimi sikuhakiki."

"Hatasema."

"Kwa nini asiseme?"

"Kwa sababu ni baba yako na mimi ndiye niliyelala naye miaka yote hii, si wewe." Mama alizima bomba, akaliwasha tena. "Sikiliza. Wewe bado mbichi. Ukitoka pale utapata pengine. Yeye akitoka pale hatoki tena kitandani. Ulimwona akiwa kwenye ile ndoo. Ulikuwa unampita asubuhi ukienda kazini, unasema *baba naenda*, anaitikia kwa kidole. Unataka nimrudishe kwenye ndoo?"

"Mama, pengine wapi? Mashine ni ile moja. Nikifukuzwa kwa kuharibu shaba, nani ataniita tena nishike hata bisibisi? Nitauza vocha?"

"Wanaouza vocha si watu?"

"Na kodi ya hapa italipwa na mshahara wa nani? Wake haufiki."

Mama akaitupa sahani ndani ya beseni. "Basi kamfedheheshe," alisema. "Nenda kamsimamishe mbele ya wachomeleaji umvue nguo. Halafu uje hapa uniambie unalala wapi."

Binti akafuta mikono, akaenda kulala. Alipojilaza, tayari alikuwa ameamua, naye hakuamua kama shujaa bali kama mtu aliyechoka kubishana: atanyamaza. Alijiambia baba hajaelewa vizuri. Alijiambia pale sandukuni mzee alikuwa anatafuta kitu kingine. Mtu anaweza kubeba kosa la baba asiyejua. Hilo lina uzito, lakini linabebeka.

Asubuhi wote walikuwapo. Mteja na impela yake ya zamani, yenye kutu ya kijani na panga moja limekatika. Tajiri na kikombe chake. Wachomeleaji, ambao hakuna aliyewaita, wamejipanga kama wako harusini. Binti alikuja na begi. Mzee alikuja na rula.

"Nani apime?" tajiri aliuliza.

"Apime aliyezoea," mchomeleaji mmoja alisema. "Babu Mbao."

Mzee akasogea, akafuta meza kwa mkono wa koti lake, akailaza rula juu ya impela ya zamani kwa upole ambao binti aliufahamu tangu hajaanza shule. Hakuna mtu katika karakana ile aliyeshika kipimo kwa namna hiyo. "Njooni muone wenyewe, nisije nikaambiwa nimesoma vibaya."

Tajiri akainama. Mteja akainama. "Mia tatu tisini na nne," tajiri alisoma.

"Nilivyoandika," mzee alisema. "Sasa hii mpya." Akaihamisha rula. "Someni."

"Mia tatu themanini na nane."

"Mia tatu themanini na nane," mzee alirudia polepole, kama mwalimu wa imla. "Mimi nimetoa tisini na nne. Imechongwa themanini na nane. Milimita sita zimekwenda wapi? Mimi si mjuzi wa kompyuta, siwezi kusema."

Wachomeleaji wakaguna. Tajiri akaweka kikombe chini. Binti alikuwa amekwisha fungua mdomo aseme ndiyo, ni mimi, nilibonyeza vibaya, maneno yakiwa tayari kwenye ulimi. Ndipo akatazama mkono wa baba yake.

Mkono ule haukushika rula kama siku zote. Siku zote mzee huishika katikati, kwa vidole viwili, iwe huru. Leo aliishika mwishoni kabisa, na kidole gumba kimelala bapa juu ya chuma, kimebonyezwa hadi ukucha umekuwa mweupe. Alipoihamisha kutoka impela moja hadi nyingine, kidole hakikuhama. Chini ya kidole kile palikuwa na maneno madogo yaliyochongwa.

Baba alikuwa anajua. Alijua tangu jana nyuma ya pazia. Alikuwa amelala nalo, akaamka nalo, akapiga koti pasi.

Walitazamana. Kwa muda mfupi uso wa mzee ulikuwa uso wa mtu anayeomba, si uso wa mwongo. Kama angesema neno hata moja, kama angemwita *mwanangu*, huenda binti angelichukua begi lake akatoka. Lakini mzee aligeuza macho akamtazama tajiri, akasema, "Vijana hawa wana haraka, tajiri. Usimlaumu sana."

Hapo ndipo subira ya binti ilipokatika.

"Baba," binti alisema, "toa kidole."

Kompresa ilikuwa ikipumua peke yake ukutani.

"Kidole gani?"

"Toa kidole, tajiri asome."

Mzee hakutoa. Ikabidi tajiri amshike kiganja, na hilo ndilo watu walilolisimulia baadaye kuliko mengine yote, namna tajiri alivyokifungua kidole cha mtu mzima kama anayemnyang'anya mtoto peremende. Akasoma. Hakuelewa. Binti akamweleza, kwa maneno machache, akitazama sakafu: ya kusubia, imerefushwa, shaba husinyaa. Akatoa utepe, wakapima upya. Ya zamani mia nne. Mpya mia tatu tisini na nne, sawasawa na alivyopewa.

"Kwa hiyo mzee," mteja alisema, "mwanao alikuwa aondoke na begi, na wewe unajua?"

Mzee aliitazama rula kama vile ndiyo kwanza anaiona. "Nilisahau," alisema. "Ni mazoea."

"Kusahau ni siku ile. Leo ulikuwa na kidole," mteja alisema.

Vicheko havikuja mara moja, ila vilipokuja havikukatika. Mmoja akainua gumba lake juu, mwingine akainua lake, na kabla ya chai ya saa nne karakana nzima ilikuwa ikisalimiana kwa vidole gumba. Jina la Babu Mbao likafa siku ile ile. Akawa Mzee Gumba.

Tajiri hakumfukuza. Watu walisema ana huruma, hakuwa nayo. Alikuwa amefanya hesabu yake ya muuza saruji. "Binti anabaki kwenye mashine, na kuanzia leo anapima mwenyewe," alisema. "Wewe mzee utakuwa unafagia chenga za chuma. Nusu ya mshahara, hadi fedha ya bonge langu irudi. Ukitaka. Hutaki, mlango ule pale."

Binti aliomba moyoni baba achague mlango. Mzee akauliza ufagio uko wapi.

Nyumbani hapakuwa na ugomvi, na bora ungekuwapo. Mama alipakua sahani mbili akaiacha ya binti ajipakulie. Kiti chenye mito kilikaa kitupu. Mzee hakurudi kwenye ndoo pia, alikula amesimama dirishani. Binti alipoleta fedha ya kodi, mama aliipokea kwa mkono mmoja, akasema "tumeshukuru", kwa wingi, kama anavyoambiwa mfadhili.

"Mama, ulitaka nifanye nini?"

"Mimi nilishasema nilichotaka. Wewe ukasema unachotaka. Si umekipata?"

Na kazini, asubuhi ya kwanza ya ufagio, mzee alikuja hadi kwenye mstari wa njano mbele ya mashine. Alisimama wima, ufagio mkononi, wachomeleaji wote wakiwa wanavaa glovu zao, akasema kwa sauti ya kusikika hadi stoo:

"Shikamoo, fundi."

Mzazi kumwamkia mwanawe. Hata wachomeleaji, watu wasiokuwa na haya, walitazama pembeni.

"Baba, usinifanyie hivyo."

"Kazini hakuna baba. Kuna fundi na mfagiaji. Shikamoo, fundi."

Hakuitikia. Siku iliyofuata mzee akarudia, na iliyofuata. Hakuwahi kusema kwa dharau, ndilo lililouma. Alisema kwa adabu kamili, kichwa kimeinama, kisha akasubiri jibu lisilokuja, kisha akaanza kufagia. Alifagia vizuri. Alifagia kama alivyochonga, hakuacha hata uzi mmoja wa shaba uliojisokota chini ya meza, na binti alifanya kazi huku akisikia ufagio ule nyuma ya visigino vyake, *chwa, chwa, chwa*, siku nzima. Wachomeleaji walizoea. Watu huzoea. Ikawa ndiyo kengele ya kuanzia kazi: Mzee Gumba akishaamkia, washa moto.

Alijaribu kila njia. Aliwahi mapema, akamkuta ameshafika. Alimbembeleza njiani, mzee akavuka barabara. Alimwomba mama aseme naye, mama akasema mambo ya kazini yabaki kazini. Siku moja alilia kwenye choo cha kazini, akanawa uso, akarudi kwenye skrini, na kazi aliyoichonga jioni ile ilitoka safi kuliko zote, kila kona mahali pake. Hilo lilimtisha zaidi ya machozi.

Kisha ikaja asubuhi ya kazi kubwa. Bonge jipya la shaba lilikuwa limefungwa ndani ya vioo, la yule yule mteja, aliyerudi kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda. Binti alikuwa amelipima mara nyingi kuliko inavyohitajika. Tajiri amesimama nyuma yake, mteja kando ya tajiri. Kisu kilikuwa kinaingia katikati ya mapanga mawili, mahali pembamba ambapo kosa dogo tu lingemaliza kila kitu, na binti alikuwa na kidole juu ya kitufe chekundu na macho kwenye namba.

"Shikamoo, fundi."

Meza iliinama, ikazunguka. Maji meupe yalipiga kioo. Kisu kikapita pale pembamba, kikatoka upande wa pili, salama. Namba zikaendelea kushuka. Binti hakugeuka.

"Marahaba," alisema. "Pita na kule nyuma, jana kulibaki chenga."

Ufagio haukusikika kwa muda, na binti bado akitazama namba zake alijua kwamba kama angegeuka sasa, angeweza kuurudisha ulimi wake, angeweza kusema lolote. Namba zilikuwa zinashuka. Hakugeuka. Halafu akasikia viatu vya baba yake vikienda kule nyuma, na ufagio ukaanza.